Gesti husimama pale mwendo unapokoma

Mpenzi msikilizaji, wahenga walisema msafiri maskini, ajapokuwa sultani. Mtu akishavuka kizingiti cha kwake, hata awe na mali ya kujaza ghala, jua likizama anahitaji vitu vitatu ambavyo hawezi kuvibeba begani: paa, maji na mlango unaofungwa. Mazungumzo yetu ya wiki hii yanahusu nyumba inayouza vitu hivyo vitatu. Ni nyumba ambayo karibu kila mmoja wetu amepata kulala ndani yake, lakini ni wachache waliojiuliza imetoka wapi na inakwenda wapi. Nayo ni nyumba ya kulala wageni ya kando ya barabara, ile ambayo sote, msomi na asiyesoma, tunaiita gesti.

Sababu ya kuizungumzia ni hii. Katika miaka ya 1990 Serikali ilipiga marufuku mabasi ya abiria kusafiri usiku, kutokana na ajali zilizokuwa zikimaliza watu. Marufuku hiyo ilidumu kwa karibu miaka thelathini, na mwaka 2023 iliondolewa. Basi lililokuwa likilala njiani sasa linaweza kupita. Abiria wamefurahi, wenye mabasi wamefurahi. Lakini kando ya barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kuja Songea, umbali wa karibu kilomita 950, kuna maelfu ya vitanda vilivyonunuliwa kwa kutegemea kwamba basi litalala. Mama aliyejenga vyumba vinane kwa fedha za mahindi na kuweka chandarua katika kila chumba anayo haki ya kuuliza: je, mgeni wangu atakuja tena?

Ili kumjibu mama huyo, hatuna budi kujua kwanza ni kitu gani kinachoizaa nyumba ya wageni. Wengi hudhani kuwa inazaliwa na mwenye kiwanja na mwenye fedha. Historia inasema vingine. Nyumba ya wageni inazaliwa na kile kinachomlazimisha msafiri asimame: miguu iliyochoka, farasi aliyechoka, tope, giza, au amri ya Serikali. Sababu hiyo ikiondoka, nyumba hubadilika au hufa. Tuanze kwa miguu.

KAMBI YA MPAGAZI

Katika karne ya 19, kabla ya boma lolote kujengwa hapa Songea, njia kubwa ya misafara ilitoka Kilwa Kivinje, pwani, ikakata nchi ambayo leo ni mikoa ya Lindi na Ruvuma, hadi Ziwa Nyasa na ng'ambo yake. Kwa njia hiyo zilipita pembe za ndovu, nguo, shanga, bunduki na, kwa masikitiko makubwa, watumwa. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo thelathini na ushei, kichwani au begani, na kwa mzigo huo msafara ulitembea kilomita kama 15 hadi 25 kwa siku. Basi kila baada ya mwendo wa namna hiyo, mahali penye maji, palikuwa na kambi.

Kambi haikuwa na mwenyewe. Ilikuwa uwanja uliofyekwa, wenye mafiga ya wasafiri waliotangulia, vibanda vya majani, na pengine ua wa miiba wa kuzuia simba na fisi. Msafara uliofika ulikarabati ulichokikuta na kuwaachia wanaokuja. Lakini tazama kilichotokea pembeni mwa kambi hizo: wanavijiji walikuja na unga, kuku, viazi na pombe, wakaondoka na nguo na shanga. Mtawala wa eneo naye alidai hongo, yaani ushuru wa kupita. Kwa hiyo biashara ya kumlisha mpita njia, na kodi juu ya mpita njia, ni vya zamani kuliko matofali ya gesti yoyote tunayoiona leo.

Tusisahau pia kwamba katika kambi moja kulikuwa na usingizi wa namna mbili. Walikuwapo waliolala kwa sababu wamechoka, na walikuwapo waliolala wakiwa wamefungwa minyororo. Njia ya msafiri mmoja ilikuwa kaburi la mwenzake.

Mtu atauliza: na ukarimu wetu wa Kiafrika ulikuwa wapi? Ulikuwapo. Mgeni aliyeingia kijijini alipewa maji, chakula na mahali pa kulala, bila kuulizwa fedha. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini sikilizeni vizuri methali hiyo. Inamhusu mgeni mmoja, anayejulikana ametoka kwa nani, anayekaa siku tatu. Haiwahusu wapagazi mia mbili wanaoingia jioni na kuondoka alfajiri. Wageni wanapokuwa wengi na hawajulikani, hakuna mji unaoweza kuwalisha bure. Hapo ndipo ukarimu unapoanza kuwa na bei, na si kwa sababu watu wameharibika tabia, bali kwa sababu hesabu imekataa.

RESTHAUSI, MISHENI NA MANAMBA

Wajerumani walijenga boma lao hapa mwaka 1897, na mji ukaja kuchukua jina la Songea Mbano, nduna wa Wangoni waliyemnyonga mwaka 1906 katika Vita vya Maji Maji. Mwaka mmoja baada ya boma, yaani 1898, wamisionari Wabenediktini walianzisha misheni ya Peramiho, kilomita zipatazo 24 kutoka mjini. Ninawataja watawa hao kwa sababu kanuni yao, ambayo ina umri wa karibu miaka 1,500, inawaagiza kumpokea kila mgeni anayebisha hodi kama wanavyompokea Kristo mwenyewe. Ndiyo maana katika sehemu nyingi za kusini, kwa miaka mingi, nyumba ya wageni iliyoaminika kwa usafi ilikuwa ya misheni.

Serikali za kikoloni, kwanza ya Kijerumani na baadaye ya Kiingereza, zilijenga nyumba za mapumziko kando ya njia kwa ajili ya maofisa waliokuwa wakizunguka kukusanya kodi na kusikiliza kesi. Wazee wanazikumbuka kwa jina la resthausi. Zilikuwa nyumba nzuri, zenye baraza, mara nyingi juu ya kilima penye upepo. Lakini hazikuwa za kila msafiri. Mwananchi alizijua kwa kuzifagia na kuzichotea maji.

Na mwananchi mwenyewe alilala wapi? Hapa tunafika kwenye historia inayowahusu watu wa Ruvuma zaidi ya wengine. Kodi ya kichwa ilidaiwa kwa fedha, na fedha hapa kwetu ilikuwa haba, kwa hiyo vijana wa Kingoni, Kindendeule na Kimatengo walikwenda kukata mkonge, huko Morogoro, Tanga na kwingineko. Hao ndio walioitwa manamba, kwa kuwa waliandikishwa kwa namba. Wengi walikwenda kwa miguu, wiki nyingi, wakilala porini, wakiugua na wengine wakifia njiani. Mwaka 1926 serikali ya Tanganyika ilianzisha Idara ya Kazi, na mojawapo ya shughuli zake ilikuwa kuweka kambi za mapumziko katika njia kuu za manamba, zenye mabanda, maji na huduma ya kwanza. Baadaye, mwaka 1944, wenye mashamba ya mkonge walianzisha chombo chao cha kuajiri kilichoitwa SILABU, nacho kikawasafirisha watu kwa malori na kuwapitisha katika kambi zake.

Kambi hizo ndizo nyumba za wageni za kwanza zilizojengwa kwa ajili ya Mwafrika wa kawaida aliyekuwa safarini. Na tuseme ukweli: hazikujengwa kwa huruma peke yake. Mkonge ulihitaji mikono, na mikono iliyofika imekonda haikuweza kukata mkonge.

WAINGEREZA NA FARASI WAO

Waingereza hao waliotutawala nao walikuwa na historia yao ya nyumba za njiani, na inafaa tuitazame, maana inafanana na yetu kuliko tunavyodhani.

Huko kwao, kabla ya treni, watu walisafiri kwa magari ya kukokotwa na farasi. Farasi wanne wanaokimbia na gari zito huchoka baada ya kilomita 15 au 20, na lazima wabadilishwe. Basi kila baada ya umbali huo palikuwa na nyumba ya wageni yenye zizi kubwa nyuma, jiko, pombe na vitanda. Mwezi Agosti mwaka 1784 gari la kwanza la posta la namna mpya lilitoka Bristol saa 10 jioni, likakimbia usiku kucha, na likawa London saa 2 asubuhi. Tia alama hapo, msikilizaji: lilikimbia usiku kucha. Nyumba za njiani hazikufa kwa sababu hiyo, kwa maana farasi bado walihitaji kubadilishwa, na abiria bado walihitaji supu ya moto na mahali pa kujisaidia.

Katika mji wa Stamford, kwenye barabara kuu iliyotoka London kwenda kaskazini, ipo mpaka leo nyumba iitwayo The George. Ina vyumba viwili ambavyo zamani abiria walivitumia kusubiri magari. Kimoja kiliitwa London na kingine York, kufuatana na upande uliokuwa ukienda. Mtu wa stendi ya Makambako akipelekwa pale hahitaji mkalimani.

Sheria ya Waingereza nayo ilimbana mwenye nyumba ya wageni. Hakuruhusiwa kumkataa msafiri mwenye uwezo wa kulipa na mwenye hali inayokubalika, maadamu nafasi ipo. Tena mali ya mgeni ikipotea, mwenye nyumba aliwajibika. Sheria ya Bunge lao ya mwaka 1956 ilikuja kupunguza mzigo huo hadi pauni 50 kwa kitu kimoja na pauni 100 kwa mgeni mmoja, lakini kwa masharti kwamba tangazo libandikwe mahali ambapo mgeni ataliona anapofika. Sisi huku tumelichukua tangazo tu. Katika gesti zetu nyingi utasoma ukutani kwamba uongozi hautahusika na upotevu wa mali ya mteja. Wajibu uliokuja pamoja na tangazo hilo tumeusahau.

Kilichoziua nyumba zile ni treni. Mwaka 1838 reli kati ya London na Birmingham ilipokamilika, safari ya siku nzima ikawa ya saa chache. Farasi wakauzwa, mazizi yakabaki matupu, nyumba nyingi zikageuzwa za kuishi au za mashamba. Ni mpaka baiskeli na baadaye motokaa zilipoleta tena watu barabarani ndipo zile zilizosalia zikapata pumzi. Kwa hiyo zilizoishi si zile zilizokuwa kubwa zaidi. Ni zile zilizoweza kuvumilia, na kubadili kile zinachouza.

HOTELI YA RELI PASIPO NA RELI

Barabara ile inayopita Stamford inaitwa kwa Kiingereza Great North Road, barabara kuu ya kaskazini. Wakoloni walilichukua jina hilo hilo wakaipa barabara ya kutoka Rhodesia ya Kaskazini, kupitia Tunduma, Mbeya, Iringa, Dodoma na Arusha, hadi Kenya. Kando ya barabara hiyo shirika la reli liliendesha huduma ya mabasi na malori mahali ambapo treni haikufika, na pamoja nayo hoteli. Ndiyo maana mji wa Mbeya ulikuwa na hoteli ya reli miaka mingi kabla ya kuiona treni, ambayo ilifika katika miaka ya 1970.

Hata ndege zilihitaji gesti. Mwaka 1932 shirika la ndege la Imperial Airways lilipofungua njia ya London hadi Cape Town, Mbeya ilikuwa mojawapo ya vituo. Safari ilichukua siku zipatazo 11, kwa kuwa ndege ziliruka mchana, na usiku abiria walilala chini kama abiria wa basi.

Lakini hoteli hizo zilikuwa na mlango wenye macho. Ziliwapokea Wazungu. Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni, na Mwasia naye alikuwa na mahali pake. Msafiri Mwafrika alitafuta ndugu, au mtu wa kabila lake, au alilala barazani kwa mwenye duka. Jambo hili si dogo. Gesti tunayoidharau leo kwa godoro lake jembamba ni nyumba ya kwanza katika historia ya barabara zetu ambayo mlango wake hauulizi rangi.

LAMI, AZIMIO NA GESTI

Uhuru ulipatikana mwaka 1961. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith walijitangazia uhuru wao, na Zambia, ambayo ilitegemea njia za kusini kwa mafuta na shaba yake, ikageukia Dar es Salaam. Malori yalimiminika katika barabara ya vumbi na tope hadi madereva wakaibatiza njia ya jehanamu. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1970 barabara hiyo ilikuwa imewekwa lami. Kati ya mwaka 1970 na 1975 ikajengwa, kwa msaada wa China, reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860. Reli na barabara vilikutana Makambako. Baadaye, katika miaka ya 1980, barabara ya lami ya Makambako hadi Songea ilijengwa kwa msaada wa Uingereza, nayo ikaanzia hapo hapo. Mahali ambapo njia tatu zinakutana lazima mtu asubiri, na anayesubiri lazima ale na alale. Makambako ni mji uliojengwa na kusubiri.

Lakini gesti hazikuota mara moja. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 Serikali ikataifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yaliyokuwa yakipangishwa. Mabasi makubwa yalikuwa ya KAMATA, yaani Kampuni ya Mabasi ya Taifa. Katika mazingira hayo ni wachache waliothubutu kutia fedha katika vitanda vya kukodisha.

Hali ilibadilika katikati ya miaka ya 1980 biashara ilipolegezwa, na zaidi mwaka 1991, chama tawala kilipokutana Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi. Mtumishi wa umma aliruhusiwa kujenga na kupangisha. Mabasi ya watu binafsi yakaongezeka. Kiinua mgongo cha mwalimu, fedha za kahawa ya Mbinga, faida ya duka, vyote vikageuka kuwa vyumba sita, kumi, kumi na viwili, vyenye ua katikati na bomba moja. Kule Tunduru, ilipozuka biashara ya vito katikati ya miaka hiyo ya 1990 na wanunuzi wakaja hata kutoka Thailand na Sri Lanka, mahali pa kulala pakawa na thamani kama jiwe lenyewe.

Ndipo ikaja marufuku ya usiku. Tuelewe vizuri ilivyofanya kazi. Basi la Dar es Salaam liliondoka Songea alfajiri ili liweze kufika ndani ya muda. Mtu wa Mbamba Bay, Mbinga au Namtumbo hakuweza kuliwahi akitokea nyumbani. Alikuja Songea jana yake, akalala. Anayerudi naye alifika usiku, akalala, ndipo kesho atafute gari la kwao. Basi lililoharibika njiani lilisubiri kukuche, na abiria wake wakasambaa katika gesti za Njombe au Makambako wakiulizia maji ya moto. Kwa maneno mengine, amri iliyotolewa ili kuokoa maisha ilimletea mwenye gesti wageni kila jioni, bila yeye kutoa hata tangazo.

Nayo gesti ikawa na desturi zake: daftari kubwa la wageni lenye jina, utokako na uendako, ndala zisizolingana rangi, ndoo na kopo, mhudumu anayegonga mlango saa 10 usiku kwa sababu umemwambia usiachwe na basi. Ikawa pia na aibu zake. Zipo zisizo na leseni, zinazoitwa gesti bubu. Zipo zinazopata riziki kwa wageni wa saa moja kuliko wa usiku mzima. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011 na 2012 ulionyesha kuwa watu wazima 14.8 katika kila 100 mkoani Njombe walikuwa na virusi vya Ukimwi, wakati wastani wa Tanzania Bara ulikuwa karibu 5. Haitakuwa haki kuitwisha gesti mzigo wote huo, kwa kuwa sababu ni nyingi. Lakini mwenye gesti anayeshindwa hata kuweka kondomu mapokezi ajue kuwa naye amo katika hesabu.

MAMA WA VYUMBA VINANE AFANYEJE?

Sasa turudi kwenye swali lake. Marufuku imeondoka mwaka 2023. Tena si hiyo tu. Katika muongo wa 2010 lami ilitandazwa kutoka Songea kwenda Namtumbo, Tunduru na hadi upande wa Masasi, njia ambayo masika ilimlaza mtu njiani siku mbili, tatu, akila mihogo ya kuchoma kando ya lori lililokwama. Mbinga nayo ikapata lami, na baadaye Mbamba Bay. Kuna vijiji vilivyoishi kwa tope, ambavyo vilimwuzia chakula na pa kulala kila aliyekwama. Lami imewaokoa wasafiri na imewaondolea wanavijiji hao soko. Hapa mjini, mabasi ya masafa marefu yalipohamishiwa stendi mpya ya Shule ya Tanga, nje ya katikati ya mji, gesti za karibu na stendi ya zamani zilijifunza somo hilo hilo bila mwalimu.

Ushauri wa kwanza ni kwamba asingoje sababu ya zamani irudi. Historia ya farasi na ya manamba inatuambia kuwa sababu ikishaondoka hairudi kwa maombi. Atafute sababu mpya inayomfanya mtu asimame.

Zipo. Tangu bei ya makaa ya mawe ilipopanda duniani mwaka 2022, malori mengi yamekuwa yakibeba makaa ya Ngaka, wilayani Mbinga, kwenda bandari ya Mtwara. Dereva wa lori si abiria wa basi. Halali kwa sababu ya amri, analala kwa sababu mwili umekataa, na anahitaji kitu kimoja ambacho gesti nyingi za mjini hazina: uwanja mpana wenye mlinzi na taa. Hospitali ya Peramiho inapokea wagonjwa kutoka mbali, na kila mgonjwa ana ndugu wawili wanaotafuta chumba cha bei nafuu chenye mahali pa kupikia uji. Kila mwaka mwezi Februari watu huja Songea katika kumbukumbu ya mashujaa wa Maji Maji walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, na makumbusho yapo mwaka mzima. Hawa si wapita njia. Hawa wamekuja kwetu, na anayekuja kwetu hukaa siku zaidi ya moja.

Ushauri wa pili ni kukumbuka gari lile la posta la mwaka 1784. Basi la usiku halihitaji kitanda, lakini abiria wake wana njaa, wana watoto, na wanahitaji choo. Atakayeweka choo safi chenye maji na taa, na chai ya moto saa 8 usiku, atapata fedha kwa watu ambao hawatalala kwake kamwe. Atakayelalamika kwamba basi linapita, atalitazama likipita.

Na ushauri wa tatu ni kwa wakuu wetu. Halmashauri zinakusanya ushuru kutoka gesti. Ni vema. Basi na ziulize zaidi ya stakabadhi: je, mlango wa chumba unafungwa kwa ndani? Dirisha linatosha mtu kutokea moto ukizuka? Mama anayesafiri peke yake na mtoto mgongoni anaweza kulala pale bila hofu? Aidha, barabara au stendi inapohamishwa, waliojenga kando yake waambiwe mapema, maana kitanda hakina magurudumu.

Ndugu wasikilizaji, kutoka kambi ya mpagazi hadi gesti ya leo ni njia ndefu, lakini msafiri ni yule yule. Bado anaingia jioni na vumbi miguuni, hajulikani, amechoka, anauliza kama kuna nafasi. Nyumba itakayomjibu vizuri itakuwapo, hata njia ibadilike mara ngapi. Kwa leo ninaishia hapa. Tukutane tena wiki ijayo, siku na saa kama hii, na kwa walio safarini usiku huu, ninawatakia safari njema.